Betri Hufa Lini? Somo la Seli Kavu, Vinasa Sauti na Vipaza Sauti Visivyo na Waya

Katika kata ya Mchikichini, jijini Dar es Salaam, baina ya soko la mitumba la Karume na maduka ya Kariakoo, ni nadra wiki kupita bila ya shughuli inayohitaji sauti isikike mbali: harusi, maulidi, mkutano wa injili, hitima. Turubai hufungwa, viti hupangwa, na fundi wa mitambo huja na vipaza sauti viwili visivyo na waya pamoja na kinasa sauti kidogo cha kuhifadhi yatakayosemwa.

Chukulia kwamba siku hiyo ni ya ndoa. Walii amekwisha kutamka maneno ya kuozesha, na sasa bwana harusi anajibu. Midomo yake inaonekana ikitamka, lakini spika ziko kimya. Taa ndogo ya kipaza sauti imezimika. Jibu lile hutamkwa mara moja tu, na katika kinasa sauti pamebaki mvumo mtupu. Fundi anazitoa seli mbili zilizomo, anatia mpya, na shughuli inaendelea; lakini lile neno halirudi.

Mtoto aliyesimama kando anasema, "Mjomba, nipe hizo zilizokufa." Anakwenda nazo nyumbani, anaitia moja katika saa ya ukutani, na saa inakwenda wiki baada ya wiki.

Hapo pana fumbo. Seli ile ile imekufa mikononi mwa fundi na ingali hai mikononi mwa mtoto. Ni nani aliye sahihi? Wote wawili. Seli kavu haina saa moja ya kufa inayofanana kwa vifaa vyote. Kila kifaa huiwekea kifo chake. Mwenye kuelewa jambo hili ataweza kukadiria seli zake zitadumu muda gani, na hatashtukizwa na ukimya katikati ya shughuli.

Seli na betri

Katika mazungumzo ya kila siku kitu chochote cha aina hii huitwa betri, na katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki huitwa jiwe. Katika sayansi inafaa kutofautisha. Seli ni chombo kimoja chenye elektrodi mbili na elektroliti baina yake. Betri ni seli kadhaa zilizounganishwa. Kwa hiyo kile kipande kidogo cha AA ni seli. Lakini kile cha mstatili cha volti 9, kilichotumika sana katika vipaza sauti, ni betri halisi, kwa kuwa ndani yake mna seli sita ndogo za volti 1.5 kila moja zilizopangwa kwa mfululizo.

Seli kavu ya kawaida ni mjukuu wa ile aliyoitengeneza Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, ambayo ilikuwa na maji. Katika miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner aliigeuza elektroliti kuwa uji mzito, na tangu hapo seli iliweza kubebwa na kulazwa upande wowote bila kumwagika. Kopo la nje la seli hiyo ni zinki, nalo ndilo upande hasi. Katikati umesimama ufito wa kaboni wenye kukusanya umeme upande chanya, umezungukwa na unga mweusi wa dioksidi ya manganizi. Seli inapofanya kazi, zinki hutoa elektroni na kuyeyuka kidogo kidogo. Elektroni hupita katika kifaa, kisha hupokelewa na manganizi. Kwa maneno mengine, kopo lenyewe ndilo kuni. Ndiyo maana seli iliyotumika sana hutoboka na kuvuja.

Seli za namna hii zilitengenezwa pia hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam kilichotoa seli za jina la National, na mjini Nakuru, Kenya, kiwanda cha Eveready kiliendelea kutengeneza seli hadi kilipofungwa mwaka 2014. Kwa miaka mingi redio na tochi za vijijini zilitegemea kazi ya viwanda vya namna hii.

Kutoka jenereta hadi mfukoni

Kurekodi sauti nje ya studio hakukuwa jambo jepesi. Mwaka 1950, Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo, mitambo yake ilihitaji jenereta ya dizeli ambayo ilibidi asafiri nayo. Mwaka 1958 Stefan Kudelski, mhandisi aliyefanya kazi Uswisi, alitoa kinasa sauti cha Nagra III kilichotumia transista badala ya taa za redio. Kilitosheka na seli 12 za D, yaani zile kubwa za tochi, zenye jumla ya volti 18. Leo kinasa sauti cha kutia mfukoni huendeshwa na seli mbili za AA au moja ya lithiamu.

Mabadiliko hayo yalileta pia tofauti katika namna ya kufa. Kinasa sauti cha kaseti kilikuwa na mota. Volteji iliposhuka, mota za vinasa vingi vya bei nafuu zilipunguza mwendo, na msikilizaji akaisikia sauti ikiwa nzito na ya kukokota. Aliyerekodi kwa seli dhaifu kisha akasikiliza kwa seli mpya alizisikia sauti nyembamba zikikimbia kama za ndege. Kasoro hiyo ilikuwa ni onyo. Vifaa vya sasa havitoi onyo la namna hiyo. Hufanya kazi vizuri mpaka dakika ya mwisho, kisha hunyamaza ghafla. Sababu yake itaonekana hivi punde.

Ukinzani wa ndani

Wanafunzi wengi hudhani kwamba seli ya volti 1.5 hutoa volti 1.5 wakati wote. Sivyo. Seli ina kani mwendo-umeme, E, na pia ina ukinzani wake wa ndani, r. Mkondo I unapopita, sehemu ya volteji hupotea ndani ya seli yenyewe. Volteji inayokifikia kifaa ni:

V = E − I × r

Kadiri seli inavyotumika mambo mawili hutokea kwa pamoja: E hupungua polepole, na r huongezeka, kwa sababu mazao ya mmenyuko hujazana na kuziba njia ya ioni.

Chukua mfano wa vipaza vya Mchikichini. Kipaza sauti kisicho na waya chenye seli mbili za AA aghalabu huvuta mkondo wa miliampea 100 hadi 200. Na ichukuliwe kwamba hiki kinavuta miliampea 150, yaani ampea 0.15, na kwamba hujizima volteji inapofika chini ya 2.1.

Seli zikiwa mpya: kila moja ina E ya volti 1.6 na r ya omu 0.5. Kwa mbili, E = 3.2 na r = 1.0.

V = 3.2 − (0.15 × 1.0) = 3.05

Kipaza kinafanya kazi bila taabu. Baada ya saa kadhaa, kila seli ina E ya volti 1.3 na r ya omu 1.8. Kwa mbili, E = 2.6 na r = 3.6.

V = 2.6 − (0.15 × 3.6) = 2.06

Kipaza kinajizima. Sasa mtoto anaichukua seli moja kati ya hizo na kuitia katika saa ya ukutani, ambayo huvuta mkondo mdogo mno, tuseme ampea 0.0002.

V = 1.3 − (0.0002 × 1.8) = 1.2996

Karibu hakuna kilichopotea ndani ya seli. Ikiwa imebaki na ujazo wa miliampea-saa 300 tu, na saa inakula miliampea 0.2, itaweza kwenda kwa muda wa saa 300 ÷ 0.2 = 1,500, yaani zaidi ya miezi miwili. Fumbo limefumbuliwa: nishati ilikuwamo, lakini haikuweza kutoka kwa kasi iliyotakiwa na kipaza sauti. Ni kama mtungi wenye maji ambao shingo yake imezibwa kwa matope. Anayetaka tone moja atalipata, anayetaka kujaza ndoo atasema mtungi ni mtupu.

Kwa nini kipaza hufa ghafla

Vipaza vingi vya siku hizi vina sakiti inayopandisha volteji na kuiweka mahali pamoja, ili sauti isibadilike. Sakiti hiyo hudai nguvu ile ile daima. Nguvu ni volteji mara mkondo. Kwa hiyo volteji ya seli ikishuka, mkondo hauna budi kupanda. Kifaa chenye kula wati 0.45 huvuta ampea 0.15 kwa volti 3.0, lakini kwa volti 2.2 huvuta zaidi ya ampea 0.20. Mkondo ukiongezeka, volteji inayopotea ndani ya seli huongezeka. Ikiongezeka hiyo, volteji ya kifaa hushuka zaidi, na mkondo hupanda tena. Ni mteremko unaojiongezea kasi wenyewe. Mshereheshaji husikika vizuri mpaka neno la mwisho, kisha kimya.

Inashangaza pia kuona nishati hiyo inakwenda wapi. Katika wati 0.45 zinazoingia, zinazotoka katika antena kama mawimbi ya redio mara nyingi ni miliwati 10 hadi 30 tu, yaani chini ya sehemu 7 katika 100. Nyingine zote hutumika katika kukuza sauti, kutengeneza masafa na kuendesha sakiti, na mwisho wake huwa ni joto. Ndiyo maana kipaza ambacho hakuna anayesema nacho hula seli takriban sawasawa na kile kinachotumika. Kukishikilia kimya si kukipumzisha. Kukizima ndiko kukipumzisha.

Kusoma alama kabla ya kununua

Katika maduka ya Kariakoo seli za AA hupangwa pamoja, zote za umbo moja, na makasha yake yamejaa maandishi ya kujisifu. Asitazame maandishi hayo. Atafute alama ndogo ya kimataifa.

R6 ni seli ya AA ya zinki na kaboni. Ni ya bei rahisi, inafaa kwa saa na rimoti. Mkondo mkubwa huionea: seli iliyoweza kutoa miliampea-saa 1,000 kwa mkondo mdogo huweza kutoa hata chini ya nusu yake katika kipaza sauti.

LR6 ni seli ya alkali, ambayo elektroliti yake ni hidroksidi ya potasiamu. Zinki yake ni unga badala ya kopo, hivyo eneo la mmenyuko ni kubwa na ukinzani wa ndani ni mdogo. Lewis Urry aliiboresha katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kampuni ya Eveready ya Marekani. Ujazo wake ni kama miliampea-saa 2,000 hadi 2,500.

HR6 ni seli ya nikeli na haidraidi ya metali, yenye kuchajiwa mamia ya mara. Volteji yake ni 1.2 tu, na wengi huidharau kwa sababu hiyo. Lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, na volteji yake hukaa karibu mahali pamoja hadi ukaribuni mwa mwisho. Seli ya miliampea-saa 2,000 yaweza kukiendesha kipaza cha miliampea 150 kwa saa kama 13. Jambo la kuangalia ni kwamba kipimo cha chaji kilichomo katika kipaza, kikiwa kimewekwa kwa ajili ya seli za alkali, kitadanganya. Aina za zamani zilipoteza chaji zikiwa zimekaa tu. Mwaka 2005 zilianza kuuzwa zenye kuhifadhi sehemu kubwa ya chaji kwa mwaka mzima.

FR6 ni seli ya lithiamu isiyochajiwa. Ni nyepesi na yadumu sana, ila ni ghali.

Kwa betri za volti 9, 6F22 ni ya zinki na kaboni, na 6LR61 ni ya alkali. Hata hii ya alkali ina ujazo wa kama miliampea-saa 500 tu, kwa kuwa nafasi yake ndogo imegawanywa baina ya seli sita.

Ama seli za lithiamu-ioni, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991 na ambazo wanasayansi watatu walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kuziasisi, zina volti 3.7. Ile ya mviringo iitwayo 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli halisi ya ukubwa huo kwa kawaida hubeba miliampea-saa 2,000 hadi 3,500. Iliyoandikwa 8,000 au 9,900 imeandikwa uongo, na mwanafunzi wa sayansi hana haja ya kuijaribu ndipo ajue.

Bei ya kweli ya seli si ile aitajayo mwenye duka, bali ni bei hiyo ikigawanywa kwa idadi ya saa za kazi. Seli ya bei mara tatu inayodumu mara tano ndiyo iliyo rahisi.

Kuanika betri juani

Desturi ya kuanika seli juani ili "zipate nguvu" imeenea sana. Je, ina ukweli? Ina ukweli nusu. Joto huharakisha mmenyuko na mwendo wa ioni, hivyo r hupungua kwa muda. Hata kupumzika tu husaidia, kwa sababu ioni hupata nafasi ya kusambaa upya. Kwa hiyo seli iliyoanikwa huweza kuendesha redio kwa kitambo kidogo zaidi.

Lakini jua haliongezi nishati ndani ya seli. Zinki iliyokwisha kuyeyuka hairudi. Zaidi ya hayo, joto huharakisha kuharibika na kuvuja, na umajimaji unaotoka hula chemchemi za chuma za kifaa. Kuuma seli kwa meno, kama wafanyavyo watoto wengine, ni hatari kwa midomo na kwa afya. Na seli ya lithiamu isianikwe, isitobolewe wala isitiwe motoni, kwani yaweza kulipuka.

Jaribio kwa darasa

Vifaa: seli moja mpya ya R6 na moja ya LR6, vikinza viwili, au rezista kama waziitavyo mafundi, vya omu 10 na nusu wati kila kimoja, voltimeta, saa, karatasi ya grafu.

1. Mwanafunzi apime volteji ya kila seli kabla ya kuiunganisha. Hiyo ndiyo E.

2. Aiunganishe kila seli na kikinza chake, kisha apime tena. Hiyo ndiyo V. Ukinzani wa ndani hupatikana kwa r = 10 × (E − V) ÷ V. Kwa mfano, E ikiwa 1.50 na V ikiwa 1.40, r ni omu 0.71.

3. Aache seli zikifanya kazi, asome V kila baada ya dakika 15, na kuandika.

4. Achore grafu ya volteji dhidi ya muda. Kisha achore mistari miwili ya mlalo: mmoja kwenye volti 1.05, ambao ni nusu ya 2.1, kiwango cha kufa kwa kipaza cha mfano wetu. Mwingine kwenye volti 0.9.

5. Kila grafu inapokata mistari hiyo, asome muda.

Seli ya R6 itavuka mstari wa juu mapema. Ile ya LR6 itahitaji zaidi ya siku moja ya masomo. Jioni itenganishwe, na asubuhi ipimwe kabla ya kuunganishwa tena. Darasa litaona kwamba volteji imepanda usiku kucha bila mtu kuichaji. Mwalimu aulize kwa nini, kabla ya kutoa maelezo. Jaribio hili lisifanywe kwa seli za lithiamu, na ncha mbili za seli yoyote zisiunganishwe kwa waya mtupu.

Faida kwa mwenye kurekodi

Kutokana na hayo, kanuni za fundi mwenye busara zinajitokeza zenyewe. Aandike katika daftari tarehe na saa ya kutia seli, wala asitegemee taa ya kipaza. Apime seli zikiwa na mzigo, kwani volteji ya seli isiyofanya kazi haisemi ukweli wote. Asichanganye mpya na kuukuu, wala R6 na LR6, kwa maana seli dhaifu huzuia mkondo wa zote, na yaweza kulazimishwa kupitisha umeme kinyume hadi ivuje. Abadilishe seli kabla ya tendo lisilorudiwa, si baada ya kifaa kunyamaza. Kinasa sauti nacho kiwe na seli zake na kipaza chake chenye waya, ili kimoja kikifa kingine kiwe shahidi.

Seli zilizotolewa mapema namna hiyo hazikupotea. Zina miezi ya kazi katika saa ya ukutani. Zikishakwisha kabisa zisitupwe mtaroni wala katika Bonde la Msimbazi, ambako mvua huchukua kila kitu hadi baharini. Zikusanywe mahali pamoja na kukabidhiwa wenye kushughulikia taka za umeme.

Fundi aliyepiga hesabu hii usiku wa kuamkia ndoa angejua kwamba seli zake za R6 zisingefika saa ya bwana harusi kujibu.

Maswali

1. Kipaza sauti huvuta miliampea 120. Seli zake za HR6 zina ujazo wa miliampea-saa 1,800. Zitakiendesha kwa saa ngapi? Kwa nini ujazo wa seli mbili zilizounganishwa kwa mfululizo haujumlishwi?

2. Seli ina E ya volti 1.45. Ikiunganishwa na kikinza cha omu 10, V ni 1.25. Tafuta r.

3. Eleza kwa nini kinasa sauti cha kaseti kilionya kabla ya kufa na kipaza cha kisasa hakionyi.

4. Mfanyabiashara anadai kwamba seli zake zilizoanikwa "zimechajiwa na jua." Andika barua fupi ya kumjibu kwa heshima, ukitumia mlinganyo V = E − I × r.